Mwenye hati kasahaulika, mpangaji yuko kwenye noti

Msomaji wangu, leo nakuuliza swali dogo ambalo limewagombanisha ndugu wengi: nyumba ni ya nani? Ni ya mwenye hati, ni ya aliyeijenga, au ni ya yule aliyelala ndani yake, akaugua ndani, akazaa ndani, kisha siku moja akahama na godoro lake juu ya mkokoteni? Wakili atakujibu kabla hujamaliza kuuliza. Mimi si wakili, nimeishia kidato cha nne, kwa hiyo nina ruhusa ya kulizungusha swali hili taratibu.

Na nitaanzia mbali kidogo. Huko Uingereza, kama kilometa 80 kutoka London, kuna jumba linaitwa Bletchley Park. Sijafika, pasi ya kusafiria sina, lakini nimesoma habari zake mpaka najiona kama niliwahi kupanga chumba pale.

Jumba lenyewe ni la enzi za Malkia Victoria, yule aliyetawala kuanzia 1837 hadi 1901. Ukitazama picha zake utajua tu. Matofali mekundu, mabomba ya moshi kibao juu ya paa, madirisha yaliyotokeza mbele kama tumbo la tajiri, na pembeni kuna kuba la kijani ambalo hujui limefuata nini. Mbele yake kuna ziwa dogo. Si jumba zuri, nikwambie ukweli. Msanifu majengo mmoja wa Kimarekani, Landis Gores, aliyefanya kazi humo wakati wa vita, alilisema vibaya kweli kweli. Limechanganya mitindo mitatu minne kama pilau iliyotiwa kila kiungo kilichokuwa jikoni.

Historia ya kiwanja hicho inaanza na kubomoa. Palikuwa na jumba jingine lililojengwa 1711, likabomolewa 1793. Mwaka 1877 akaja msanifu majengo mmoja, Samuel Lipscomb Seckham, akanunua na kujenga nyumba. Hakukaa sana. Mwaka 1883 akaingia mwenye fedha zake, Herbert Leon, mtu wa biashara ya hisa kule London, akanunua eneo zima, ekari 581.

Huyu Leon ndiye aliyelivimbisha jumba. Alikuwa akiongeza chumba hapa, baraza kule, ukuta wa mbele anaubadilisha, nyuma anaongeza tena. Si unawajua watu wa namna hiyo? Akipata vijisenti haulizi kama nyumba inahitaji, anauliza kama mafundi wapo. Inasemekana bustani peke yake ilikuwa na watunzaji 40. Bwana mkubwa akaingia bungeni, akapewa cheo cha Baronet mwaka 1911, akaitwa Sir. Alifariki 1926. Mkewe, Lady Fanny, akaendelea kuishi humo hadi alipofariki 1937.

Hapo sasa. Mama kafa, watoto wana maisha yao, na jumba ni kubwa mno kulisha. Unajua kilichofuata. Jumba likauzwa. Mwaka 1938 akatokea mjenzi mwenye hesabu rahisi: bomoa hili dude la matofali, kata viwanja, jenga nyumba ndogo ndogo, uza. Hesabu hiyo haijawahi kuwa ngumu, iwe Uingereza, iwe kwetu.

Kilicholiokoa ni hofu ya vita. Mkuu wa majasusi wa Uingereza, Admirali Hugh Sinclair, alikuwa anatafuta mahali pa kuwaficha watu wake wanaofumbua ujumbe wa siri wa maadui, maana London ingepigwa mabomu. Bletchley ilikuwa na stesheni ya treni karibu kabisa, na reli za kwenda London, Oxford na Cambridge, walipokuwa wasomi. Serikali ikasema haina fungu. Admirali akaingiza mkono mfukoni mwake mwenyewe, akatoa pauni 6,000, akanunua jumba na ekari 58. Jamani, mkubwa wa serikali anatoa hela yake kununulia serikali ofisi! Soma sentensi hiyo mara mbili, kwa sababu sijui kama utaisoma tena katika maisha yako.

Septemba 1938 wapangaji wa kwanza walifika kufanya majaribio, wakajifanya ni kundi la mabwana waliokuja kuwinda. Agosti 1939 wakahamia kikweli. Novemba mwaka ule ule Sinclair akafariki, vita ikiwa na miezi miwili tu. Pauni zake 6,000 hakuzionea faida.

Lakini faida ilikuja. Wajerumani walikuwa na mashine inaitwa Enigma, inayovuruga maneno hata yasisomeke. Ukiunasa ujumbe hewani unapata herufi tupu, kama mtoto kachezea taipureta. Wale wapangaji wa Bletchley ndio waliozipanga herufi hizo zikarudi kuwa maneno. Walianza wachache ndani ya jumba. Sebule ya Lady Fanny ikawa ofisi. Jumba likafurika, wakajengewa vibanda vya mbao nje, vibanda vikafurika, wakajengewa vya matofali. Kufika Januari 1945 walikuwa karibu 9,000, na robo tatu yao wanawake. Wengi walikuwa wasichana wa umri wangu. Kazi ilikwenda kwa zamu tatu, mchana na usiku, na kulala walilala kwenye nyumba za watu vijijini, wakaja kazini kwa baiskeli na mabasi. Yaani wapangaji wa wapangaji.

Katika hao alikuwamo kijana mmoja wa miaka 27, Alan Turing, aliyefika mara tu vita ilipoanza, Septemba 1939. Akili yake ilikuwa si ya nchi hii, na ndiye mmoja wa watu walioweka misingi ya kompyuta. Lakini unajua nilichompendea? Kikombe. Inasimuliwa kwamba alikifunga kikombe chake cha chai kwa mnyororo kwenye bomba la kupasha chumba joto, kisibebwe na wenziwe.

Hapo nilicheka peke yangu. Mtu anafumbua siri za Hitler, lakini kikombe kimemshinda! Ukiona hivyo ujue pale hapakuwa tena jumba la Baronet. Palikuwa nyumba ya kupanga, kama ya bibi yangu.

Marehemu bibi, mzaa baba, alikuwa na nyumba Kariakoo. Nyumba ya Kiswahili kama zile zilizojaa pale zamani: ukumbi katikati, vyumba vitatu kushoto, vitatu kulia, uani jiko, bomba na choo. Bibi alikaa chumba cha mbele, vingine akapangisha. Vikombe uani vilipotea, sufuria zilipotea, na kuna mpangaji aliyekuwa anatia ndoo yake alama ya rangi nyekundu na bado ikapotea. Bibi akawa hakimu. Kesi zake zilianza saa kumi jioni akishaswali na kuisha kwa chai.

Sasa bibi hayupo, na kikao cha familia kimeshakaa mara mbili. Amekuja tajiri mmoja anataka kiwanja. Anasema tumpe, abomoe, apandishe ghorofa, na familia ipate fedha pamoja na nyumba moja humo juu. Kariakoo mnaijua. Nyumba za aina ile zinaondoka moja baada ya nyingine, ukipita baada ya miezi sita unapotea njia mtaani kwenu.

Baba mkubwa anataka tuuze, na si kwamba ana roho mbaya. Bati zimeoza, ukuta wa choo umeinama, kodi ya vyumba haitoshi hata kuleta fundi. Nilipoanza kutaja mambo ya historia alinitazama akasema, "Mwanangu, historia haiezeki paa." Kikao kizima kikacheka. Sina jibu la hilo mpaka leo. Shangazi hataki kuuza, naye hoja yake ni moja tu: "Mimi nimezaliwa chumba kile." Akisema hivyo analia, na kikao kinavunjika. Mimi mjukuu sina kura. Kazi yangu ni kumimina chai.

Lakini katika kuhamisha vitu vya bibi nilikuta daftari lake la kodi. Ni kaunta buku kuukuu, kava limeliwa na mende. Bibi hakuwa mtu wa kalamu, kwa hiyo kila mpangaji aliyeingia aliambiwa aandike mwenyewe jina lake, siku aliyoingia na alikotoka. Ndiyo maana kila mstari una mwandiko wake. Fundi cherehani kutoka Tanga, mwandiko wa kulala. Kuli wa bandarini aliyeweka dole gumba. Mwalimu wa shule ya msingi, herufi zimesimama kama wanafunzi mstarini. Mama lishe kutoka Morogoro, akaongeza pembeni "na watoto 2". Kijana wa Kigoma aliyeandika alikuja kutafuta mpira, akaondoka ni dereva wa lori. Nimehesabu majina 43. Sisi ukoo wetu humo ndani hatufiki hata 15.

Nilipolifunga lile daftari ndipo nikaelewa kwa nini habari za Bletchley zilikuwa hazinitoki kichwani.

Rudi kule uone. Vita ikaisha 1945, na waliofumbua siri wakahama 1946. Kabla ya kuondoka walikuwa wamekwisha kula kiapo cha kunyamaza. Na walinyamaza, bwana! Mume hakumwambia mke, mke hakumwambia mume. Wapo waliofunga ndoa, wakazeeka pamoja, na kila mmoja hajui kwamba mwenzake naye alikuwa Bletchley, jengo la pili tu. Wazazi wengine walikufa wakiamini binti yao alikuwa karani wakati wa vita. Habari zilianza kumwagika hadharani mwaka 1974, kilipotoka kitabu cha Winterbotham kuhusu siri ile. Karibu miaka 30 ya mdomo kufungwa! Sisi hapa siri ya harusi haifiki Ijumaa.

Jumba likapata wapangaji wengine wasiojua lolote. Likawa chuo cha ualimu, likafundishia mafundi wa posta na simu, na watu wa usalama nao wakabakiza darasa lao hadi 1987. Wanachuo walifanya mitihani katika vyumba ambavyo ndani yake vita ilikuwa imegeuzwa, na hakuna aliyewanong'oneza.

Na wengine hawakutendewa haki. Turing, kijana wa kikombe, alihukumiwa mwaka 1952 kwa uhusiano wake na mwanamume mwenzake, jambo lililokuwa kosa kwa sheria ya Uingereza ya siku hizo. Akafariki 1954 akiwa na miaka 41. Kazi aliyoifanya vitani ilikuwa bado siri, hata wa kumtetea kwayo hakuwapo. Mwaka 2013 Malkia Elizabeth alimpa msamaha, na tangu 2021 picha yake iko kwenye noti ya pauni 50. Mwenye hati, Sir Herbert Leon, pamoja na ekari zake 581 na watunza bustani 40, ukimtaja mtu anakuuliza nani huyo. Mpangaji aliyekuwa anaogopa kuibiwa kikombe ndiye yuko kwenye noti.

Hata kwetu mwambao tumegusana na habari hizi. Tawi la wafumbuaji hao lililoshughulikia Wajapani lilikuwa linahamahama kama mpangaji asiyelipa: Hong Kong, Singapore, Colombo. Mwaka 1942 Wajapani walipoipiga Colombo kwa ndege, tawi lilihamishiwa Mombasa, Kilindini, likafanya kazi ndani ya shule ya Allidina Visram. Madarasa ya watoto wetu yakageuka vyumba vya kufumbulia siri za wanamaji wa Japani. Mwaka 1943 wakarudi Colombo, shule ikabaki shule hadi leo. Mombasa ina watu wangapi wanaopita nje ya ukuta ule kila siku bila kujua?

Na Kariakoo yenyewe je? Jina limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Mwingereza waliopiga kambi pale wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Watu walibeba mizigo ya wakubwa porini, wengi hawakurudi. Majina yao mmoja mmoja hatunayo. Limebaki jina la kikosi, nalo tumelisokota ulimi mpaka likawa letu. Hawakuwa na hati ya hata futi moja ya ardhi, lakini mtaa mzima unawaita.

Sasa sikiliza mwisho wa jumba. Mwaka 1991 majengo ya Bletchley yalikuwa hayana maana tena kwa waliokuwa nayo. Mpango ukarudi ule ule wa 1938: bomoa, jenga nyumba, uza. Safari hii hapakuwa na Admirali. Wenyeji wachache wapenda historia wakasema basi, angalau tuwaite wazee waliofanya kazi pale waje waage. Oktoba 1991 wakaja kama 400. Fikiria wazee 400 waliofunga midomo muda wote ule, wanapita kwenye kibanda kibovu mmoja anasema, "Mimi nilikaa hapa," mwingine anasema, "Dirisha hili lilikuwa linaingiza baridi." Mkutano wa kuaga ukageuka kuwa mkutano wa kuokoa. Februari 1992 halmashauri ya Milton Keynes ikatangaza sehemu kubwa ya eneo kuwa hifadhi. Mwaka 1993 milango ikafunguliwa kwa wageni, na leo ni jumba la makumbusho.

Novemba 2023 wakubwa wa dunia walikutana pale pale kujadili hatari za kompyuta zenye akili za kubuni. Nchi 28 pamoja na Umoja wa Ulaya wakaafiki tamko moja lililopewa jina la jumba lile, na Kenya na Rwanda zilikuwamo. Fikiri umbali huo: kutoka kikombe chenye mnyororo mpaka tamko la mataifa.

Tena kuna kitu kimoja wamekifanya ambacho kimenikaa. Wametengeneza orodha ya majina ya waliofanya kazi pale. Si wakubwa tu. Wamo wapiga taipu, madereva, wapishi, wabeba barua. Jina, kazi, na sehemu aliyokuwa. Nilipoisoma habari hiyo nililikumbuka daftari la bibi likiwa kwenye mfuko wa rambo chini ya kitanda changu.

Nimemwambia baba mkubwa hivi: sina pesa ya bati, na sitaki kugombana na mtu. Huenda nyumba ikauzwa, na ikiuzwa mgawo utawasaidia watu wenye shida za kweli, naye shangazi yumo. Ninachoomba ni siku moja kabla ya kikao cha tatu. Niwaite walioandika humu, wale ninaoweza kuwapata. Fundi cherehani nasikia yuko Temeke, macho hayaoni uzi tena. Mwalimu ni marehemu lakini binti yake namjua. Mama lishe ana mgahawa wake Mbagala, na wale "watoto 2" ni watu wazima wenye ndevu. Waje wakae uani, tule pilau, kila mmoja aoneshe chumba chake na aseme alichokiacha humo. Nitaandika. Baada ya hapo wenye kura wapige kura zao.

Baba mkubwa alinyamaza muda mrefu, nikajua natukanwa. Kumbe alikuwa anafunua kurasa. Akafika kwenye mstari wa yule kuli aliyeweka dole gumba, akauliza, "Huyu bado yuko hai?" Nikasema sijui. Akasema, "Huyu ndiye aliyenifundisha kuogelea pale Magogoni. Mtafute kwanza huyo." Akalirudisha daftari, hakusema lingine. Mpaka naandika safu hii bado namtafuta, na kama kuna msomaji aliyekuwa kuli bandarini akapanga Kariakoo kwa bibi mmoja mkali mwenye kesi za saa kumi jioni, apite ofisi ya gazeti hili aache salamu.

Nawe pia, nyumba unayolala leo ilikuwa na mtu kabla yako. Ule msumari ukutani unaotundikia shati hukuupiga wewe. Muulize mwenye nyumba ni nani aliyeupiga. Kama mwenye nyumba hajui, muulize mpangaji wa zamani kuliko wote, huyo atajua mpaka siku.

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.